Utando wa Magome ya Miwati

Jumatatu, 9 Machi

Nimechanganya tena. Unga wa magome ya miwati, ule wanaotumia viwandani kulainisha ngozi za viatu. Spiriti. Ule unga mweupe wa molekuli ndefu. Tone la asidi. Nimekoroga hadi ikawa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa.

Naipenda saa hii ya asubuhi. Maabara tupu, dirisha wazi, kikorogeo kinazunguka chenyewe. Natamani siku yote ingekuwa hivi.

Dkt. Wairimu, msimamizi wangu, husema kama siwezi kuieleza kazi yangu kwa Kiswahili cha nyumbani basi siielewi. Haya. Molekuli hizi ndefu upande mmoja unapenda maji na upande mwingine unayakimbia, kama sabuni. Spiriti ikianza kukauka zinasongamana, zinajikusanya vifundo vifundo, kisha vifundo vinajipanga safu. Hakuna anayezipanga. Ule unga wa miwati unajaza nafasi zilizobaki. Baadaye natia kwenye tanuri lisilo na hewa. Vifundo vinateketea na kuacha vitundu. Miwati inabaki kaboni. Napata utando mweusi wenye vitundu vidogo mno, na wenyewe mwembamba kiasi kwamba tando zaidi ya elfu zikipandana ndipo zifikie unene wa unywele. Maji yapite, uchafu ubaki.

Nimeielewa. Tatizo ni kwamba utando wangu unapasuka kila mara.

Ochieng' amekuja amelowa jasho. Ndiye fundi wetu wa maabara, tanuri ni lake. Huja kwa miguu kutoka Kisumu Ndogo, Kibera, mimi kutoka Kongo, Kawangware, na bado huwa tunabishana nani ametembea zaidi. Leo ameshinda yeye.

Jumatano, 11 Machi

Umepasuka. Ulitoka kwenye tanuri ukiwa na mistari kama matope yaliyokauka.

Nimekula ugali na sukuma. Nikarudi nikachanganya tena.

Ijumaa, 13 Machi

Siku mbaya. Naiandika haraka niimalize.

Dkt. Wairimu ameniita ofisini. Mtungi wa nitrojeni, gesi ya tanuri, uliobaki ndio wa mwisho. Ukiisha, tanuri linakwenda kwa watu wa utafiti wa saruji, wao wana mradi mkubwa. Kama sitakuwa na utando mzima kufikia hapo, nibadilishe mada ya tasnifu. Nianze upya. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Angenifokea ningemjibu.

Nilipotoka nikamkuta Ochieng' anasafisha bomba la tanuri. Nikamweleza. Akasema na yeye ana habari.

"Nimepata kazi kwa kiwanda ya rangi, huko Viwandani. Nareport mwisho wa mwezi."

"Ya kudumu?"

"Ya kudumu."

Nikampongeza. Hapa mkataba wake ni wa vipande vipande, miezi mitatu mitatu. Ni kazi nzuri na anaistahili. Nilimpongeza vizuri, nadhani.

Nimeumia. Sikujua nitaumia hivi.

Jumapili, 15 Machi

Mvua imeanza katikati ya ibada. Mabati yakapiga kelele hadi mhubiri akakaa chini akangoja. Watu wakacheka. Mimi pia.

Mchana nilikaa kibandani na dada yangu Kasyoka akishona sare za shule. Tumekaa pamoja Kongo tangu nilipotoka Kitui kuja chuo. Hajawahi kuniuliza nitamaliza lini. Leo ameuliza swali lingine, bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Mueni, hiyo kitu yenu, mtu anaweza kuishika?"

"Haishikiki. Ukiigusa inaisha."

"Sasa si mnapoteza wakati?"

Nikamwambia afikirie ule utando unaokaa juu ya maziwa yakipoa. Upunguze mara nyingi sana. Utoboe kila mahali kwa sindano ambayo haipo. Akasimamisha mguu kwenye pedali, akafikiria.

"Hiyo sindano ingenifaa," akasema, akaendelea kushona.

Nimelala mchana. Nimeamka nikiwa na amani, sijui kwa nini.

Jumanne, 17 Machi

Nimeuona kwa macho yangu!

Nilikuwa nachovya. Kibamba cha silikoni kinazama kwenye mchanganyiko, halafu kinavutwa juu polepole na uzi uliofungwa kwenye mota ya printa iliyokufa. Ochieng' ndiye aliyeitengeneza. Kibamba kikatoka kinang'aa, safi. Mara mvua ikaja ya upande, hewa baridi ikaingia dirishani, na mbele yangu ule mng'ao ukafifia. Ukungu mweupe ukatambaa kutoka ukingoni hadi katikati. Kama mtu amepumulia kioo.

Unyevu! Spiriti ikikauka inapoza kibamba, unyevu wa hewani unatua juu yake, molekuli zinavurugika kabla hazijajipanga. Huko kwenye tanuri hakuna linaloharibika. Utando unaingia ukiwa umeharibika tayari. Mimi nimekuwa nikibadilisha joto wiki nzima.

Nikamwita Ochieng'. Tukafunga dirisha, tukajaribu tena. Ukungu ukaja tena, ila kidogo. Chumba kizima kimejaa unyevu, haitoshi kufunga dirisha. Tunahitaji kasha la kioo, kubwa kiasi cha kumeza mota na chombo, linaloweza kufungwa. Nikasema tuandike maombi ya kununuliwa. Ochieng' akanitazama kama mtu asiyeishi Nairobi.

"Mathe ako na ile kabati ya kioo ya kuuzia samaki. Siku hizi anauza omena pekee, inakaa tu."

Nilicheka. Halafu nikaona hatanii.

Jumatano, 18 Machi

Tumeenda kulichukua. Kisumu Ndogo ilikuwa matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mama Ochieng' alikuwa amekaa mbele ya kibanda, omena, wale dagaa wa ziwani, zimefunikwa nailoni kwa sababu ya mawingu. Amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili akaushikilia muda mrefu kuliko kawaida ya salamu. Nimegundua jina langu lilikuwa limefika kabla yangu.

Kabati liko vizuri. Vioo vyote vizima, mlango wa kusukuma. Lilikuwa limejaa vitambaa na sufuria moja.

"Mnaenda kuweka nini ndani?"

"Hewa, Mathe," Ochieng' akasema.

"Hewa?"

"Hewa kavu."

Mama alicheka hadi akashika kiuno. Akamwita jirani kwa Kijaluo, jirani naye akaja kucheka. "Basi mkianza kuuza hiyo hewa mniambie," akasema. "Hapa kuna wateja." Kisha akawa makini ghafla, akalifuta kabati kwa kona ya leso yake, pole pole, vioo vyote vinne. Hakuuliza tutalirudisha lini.

Tulilibeba wenyewe, yeye mbele mimi nyuma, tukavuka reli. Watu walituuliza bei ya samaki. Karibu na kioski cha maji niliteleza, goti likagusa chini, lakini kabati sikuliachilia. Ochieng' akasimama bila kugeuka, akangoja nisimame. Hakusema pole. Alijua ningecheka.

Goti linauma. Nimefurahi.

Alhamisi, 19 Machi

Kuosha. Sabuni, ndimu, siki, spiriti. Bado linanuka tilapia kwa mbali. Ochieng' anasema ni mawazo yangu. Si mawazo yangu.

Jumatatu, 23 Machi

Tumeziba mianya yote kwa mpira wa dirisha la gari. Ndani tumeweka bakuli za zile punje zinazonyonya unyevu, kama zile za kwenye maboksi ya viatu vipya. Nje mvua kubwa. Ndani ya kabati, ukame wa Kitui.

Kibamba kimetoka kwenye mchanganyiko na hakikufifia. Tulisubiri tumeinama, mabega yamegusana. Buluu. Buluu inayoelekea zambarau, sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Rangi hiyo si ya kitu chenyewe, ni mwanga unavyocheza juu ya kitu chembamba sana. Najua. Hata hivyo nimeitazama kama mtoto.

Ochieng' akasema, "Sasa hii ndiyo kitu."

Kesho tanuri. Kwa mara ya kwanza siogopi.

Jumanne, 24 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ulitoka mzima. Mweusi, laini, hauna hata mstari. Mchana tuliuweka kwenye maji ya kostiki, yale ya watengeneza sabuni, ili lile tabaka jembamba la juu ya kibamba liyeyuke na utando uachane nacho. Ukaachana. Tukauhamishia kwenye maji safi, ukaelea juu, hauonekani isipokuwa ukiinamisha kichwa, na ukiinamisha kichwa ni kivuli tu, cha mraba, juu ya maji. Niliuona. Ochieng' aliuona. Haukuwa ndoto.

Nikakimbia kumwita Dkt. Wairimu. Hilo ndilo kosa langu.

Alikuja mbio, hata miwani alikuwa ameishika mkononi. Akainama karibu sana.

"Hii ndiyo?"

Pumzi ya neno hilo iligonga maji. Utando ukajikunja kona moja, ukajikunjua, ukapasuka katikati, ukazama vipande vipande. Yote yalikwisha kabla hajanyanyua uso.

Mimi nilikwenda stoo, nikajifungia, nikalia kati ya madumu ya asetoni. Nilipotoka Dkt. Wairimu alikuwa bado amesimama pale pale, anatazama maji.

Jumatano, 25 Machi

Nimekasirika. Sitaki kuandika.

Baadaye. Nimemkasirikia yeye, halafu nikajikasirikia mimi, halafu nikakasirikia maji. Kasyoka amenipikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na hakuniuliza kitu. Nimekula sahani mbili. Hasira haishibi ila mimi nimeshiba.

Alhamisi, 26 Machi

Dkt. Wairimu amekuja maabara asubuhi kabla sijavaa koti. Hakukaa.

"Mueni, nisamehe. Miaka yote hii nafundisha watu wasipumulie sampuli."

Nilitaka kubaki na hasira, lakini alikuwa na uso wa mtu ambaye hakulala. Nikamwambia yameisha. Na kweli, nilipolisema likawa kweli.

Akauliza gesi iliyobaki inatosha mara ngapi. Ochieng' akagonga mtungi, akatazama geji, akatingisha kichwa. Mara moja. Pengine. Dkt. Wairimu akasema watu wa saruji wameshaleta toroli kupima mlango. Atawazuia hadi Jumatatu.

Mchana tumechovya kibamba kipya. Buluu ile ile.

Kesho ni siku ya mwisho ya Ochieng'.

Ijumaa, 27 Machi

Nimechoka, mwandiko utakuwa mbaya.

Tuliwasha tanuri mapema sana asubuhi. Gesi ikipita polepole, joto likipanda polepole. Kila kitu sawa. Nilichemsha chai kwenye birika la maabara jambo ambalo limekatazwa. Tulikunywa. Tulizungumza habari za Viwandani, za basi gani atapanda. Ilikuwa siku nzuri tu.

Joto lilipofika kileleni Ochieng' alitazama geji akaweka kikombe chini.

"Mueni. Hii gesi haitafika."

Mshale ulikuwa karibu kulala. Nitrojeni ndiyo inayozuia hewa isiingie. Hewa ikiingia tanuri likiwa na joto vile, kaboni inawaka, unabaki na kibamba kitupu. Na tanuri linahitaji muda mrefu kupoa. Likipoa gesi ya ndani inasinyaa, inavuta hewa ya nje kupitia bombani. Hata ukifunga valvu, hizi zetu ni kuukuu, zinavuja. Nilijua yote hayo kwa mpigo mmoja. Nilisimama tu. Nafikiri nilisema jina lake.

Yeye alikuwa ameshatoka mlangoni. Nilimwona dirishani anakimbia kwenye mvua hadi getini, kwa yule mama anayewauzia watu wa mahafali maua na baluni. Akarudi amelowa chapachapa, mfuko mzima mkononi.

Sikuuliza. Nilielewa nilipoona mfuko. Tukajaza baluni haraka haraka kwenye mdomo wa mpira wa gesi huku mtungi ukiwa bado na pumzi kidogo. Mimi najaza, yeye anafunga. Moja nyekundu. Mbili za dhahabu. Moja ya maandishi ya Hongera. Moja ikapasuka usoni mwangu nikapiga mayowe. Kisha mshale ukalala.

Tukazima tanuri, tukafunga njia ya kutokea, tukapachika ile nyekundu kwenye bomba la kuingilia. Tanuri likipoa, badala ya kuvuta hewa likawa linavuta kutoka kwenye baluni. Tuliitazama ikisinyaa. Ikibaki kidogo, Ochieng' anabana mpira kwa vidole, mimi nabadilisha, anaachilia. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa kubana. Hakuna aliyekula mchana. Wanafunzi wa mwaka wa pili walichungulia, wakaona watu wazima wawili wanalea baluni, wakaondoka.

Ile ya Hongera ndiyo iliyomaliza kazi. Ilikuwa bado na gesi kidogo geji ya joto ilipofika mahali salama. Tukaiacha hapo hapo. Tumefunga valvu zote. Hatukufungua. Tulikubaliana tanuri likae hadi Jumatatu, lipoe kabisa.

Jioni alichukua bakuli lake la chakula na koti lake la kazi. Akasimama mlangoni.

"Haya basi, Mueni."

"Haya, Ochieng'."

Akaenda. Mtu amenikimbilia kwenye mvua na mimi nikamwambia haya. Nimejiudhi sana.

Jumapili, 29 Machi

Nimefua. Nimepiga pasi. Nimeomba kanisani, kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya kaboni. Mungu amesikia mambo ya ajabu zaidi.

Nimemwambia Kasyoka kuhusu baluni. Akaniuliza kama huyo Ochieng' ana mke. Nikamwambia hana. Akasema, "Mm," akakata uzi kwa meno.

Jumatatu, 30 Machi

Nilimngoja Dkt. Wairimu. Alikuja amevaa barakoa, na juu ya barakoa amefunga leso, na hakukubali kupita mlango hadi nilipomaliza. Alisimama huko kama mgeni.

Nikafungua.

Mweusi. Mzima.

Nikauachanisha. Nikauhamisha. Ukaelea. Nikajifunza kupumua kupitia puani, kwa upande. Nikazamisha kipete cha waya chini ya maji, nikakiinua polepole sana, maji yakatiririka pembeni, na utando ukabaki umejitandaza kwenye kipete, umejibeba wenyewe. Huwezi kuuona ukiutazama moja kwa moja. Nikauelekeza dirishani na mwanga ukapungua kidogo tu.

Nikaufunika kwa bilauri. Hapo ndipo nikageuka. Dkt. Wairimu alikuwa amelowanisha leso yote kwa machozi.

Nilitaka kumwonyesha mtu mmoja tu na alikuwa Viwandani akichanganya rangi. Nikampigia. Simu haikupokelewa, yuko kazini. Nikamwandikia neno moja: Mzima. Akajibu saa ya chakula, kwa herufi kubwa, neno ambalo sitaliandika hapa kwa sababu Kasyoka huwa anachungulia.

Watu wa saruji wamechukua tanuri mchana. Nimewasaidia kulisukuma. Lilipotoka chumba kikawa kikubwa. Sikuhuzunika.

Alhamisi, 2 Aprili

Picha zimerudi kutoka kwa hadubini kubwa ya elektroni, chuo kingine. Dkt. Wairimu ameziweka mezani bila neno.

Vitundu. Safu baada ya safu, vyote saizi moja, kama kichungi cha chai ambacho hakuna mkono uliokitoboa. Kuna mahali safu zinagongana na kupinda, halafu zinapata njia na kuendelea. Hapo ndipo nilipokodoa macho zaidi. Sikuzipanga mimi. Nilizizibia mvua tu.

Mada haibadiliki. Ameomba mtungi mpya, na watu wa saruji watatuachia tanuri siku zao za mapumziko. Baada ya sikukuu tunapitisha maji yenye rangi tuone kama rangi itabaki juu. Inaweza kukataa. Sawa, ikatae, tutaona.

Nimetembea hadi Kawangware bila kuharakisha.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Ochieng' amekuja. Nilimwambia Kasyoka labda atakuja, naye akafua mapazia.

Mikono yake ina madoa ya kijani hadi kwenye kucha. Anasema hayatoki. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Akaivuta, akaivuta, hadi vitundu vikajaa kioo chote. Kisha akanirudishia simu, akaipangusa kwanza kwa shati lake.

Kasyoka akakumbuka ghafla kwamba ana mteja. Siku ya sikukuu. Akatuachia beseni la minji, njegere za maganda, tuambue.

Tuliambua tumekaa mlangoni. Mvua ilikuwa imetulia, uani watoto wa ploti wanaruka madimbwi.

"Kazi ni poa," akasema. "Lakini huko hakuna mtu wa kubishana naye."

Nikatoa minji kwenye ganda, zikaanguka besenini.

"Jumamosi maabara huwa wazi," nikasema.

"Najua."

"Basi kuja."

"Nitakuja."

Akachukua ganda lingine. Mimi pia.